Kipimo cha Tano

Chukua karatasi ya mauziano ya parseli, ile inayoandikwa kwa kalamu mbele ya mashahidi na kutiwa sahihi siku ya kuhesabiana fedha. Tuseme parseli yenyewe iko Saio, hapa Bunia, na karatasi inasema mita 30 kwa 20, kisha inataja majirani wa kila upande. Anayeisoma atazidisha kichwani, atapata mita za mraba 600, na moyo wake utatulia. Utulivu huo ndio unaonisumbua. Namba za pande zake nne, 20, 30, 20 na 30, hazimwambii kiwanja kina ukubwa gani, wala hazimwambii kina umbo gani. Kiwanja chenye pande hizo hizo kinaweza kuwa na mita za mraba 600, au 564, au 520. Mashahidi wote wanaweza kuapa kwamba pande zilipimwa sawasawa, wakawa wanasema kweli tupu, na mnunuzi akawa amepunjwa ardhi ya vyumba kadhaa.

Mwenye shaka ajaribu kwa mbao nne, mbili ndefu na mbili fupi, akizishikisha kwa msumari mmoja tu kila pembe. Ataisukuma fremu ile kwa kidole na italala upande. Urefu wa mbao haubadiliki hata kidogo, lakini nafasi iliyo katikati inapungua kadiri fremu inavyoinama. Pembe ikiwa nyuzi 90, eneo ni 600. Ikishuka hadi nyuzi 80, linabaki 591, hasara ambayo wengi wangeisamehe. Ikiwa nyuzi 70, ni 564. Ikiwa nyuzi 60, limeshuka hadi 520, na mita 80 za mraba zimetoweka bila mtu kusogeza alama hata moja nje ya kipimo chake cha pande. Anayepunguza ni sinusi ya pembe ile: unazidisha 20 kwa 30, halafu kwa sinusi. Mwanafunzi wa sayansi anayejiandaa kwa mtihani wa taifa, EXETAT, ameiandika kanuni hiyo mara nyingi kwenye daftari. Ni nadra kuambiwa kwamba kanuni hiyo inahusu parseli ya baba yake. Sasa apigilie ubao wa tano kutoka pembe moja hadi pembe ya mkabala, kisha asukume tena. Fremu haitikisiki. Umbo lililokuwa moja la pande nne limekuwa pembetatu mbili, na pembetatu ikishajulikana pande zake tatu haina namna nyingine ya kukaa. Hoja yangu yote imesimama juu ya ubao huo. Karatasi ya parseli isiyo na urefu wa ulalo, yaani kamba ya kutoka pembe hadi pembe ya mkabala, haijapima kitu, na elimu ya pembetatu tunayoifundisha kama adhabu ya ubaoni ndiyo ulinzi wa bei nafuu kuliko wote alio nao mwenye ardhi.

Mafundi wanalijua hili tangu zamani. Mwashi anapotaka kuchimba msingi huanza na vigingi na uzi. Ukimuuliza kwa nini hapimi kuta tu na kuanza kazi, atakuambia kwamba kuta zinaweza kukubaliana huku pembe zinadanganya. Kwenye kona anapima sentimita 60 upande mmoja, 80 upande wa pili, na kuanzia alama hadi alama lazima apate mita moja kamili. Ikizidi, kona imefunguka, ikipungua, imebana, na kigingi kinang'olewa. Akimaliza kona zote anavuta kamba ya mshazari, kwanza huku kisha kule, na zisipolingana anarudia. Kwa kiwanja chetu cha 20 kwa 30, kila ulalo unatakiwa kuwa mita 36 na sentimita 6 hivi. Kikiwa kimelala hadi nyuzi 70, ulalo mmoja ni mita 29.83 na mwingine 41.36, tofauti ya zaidi ya mita 11. Fundi haitaji sinusi wala kosinusi, ila kamba yake imezisema zote mbili. Ukimbana zaidi atakuambia kwamba ukuta uliokosa pembe hulipiwa siku ya kuezeka, wakati mabati yanapogoma kufuata ukingo wa paa na mwenye nyumba anaanza kuuliza nani alipima. Nguvu ya maneno yake ni kwamba kosa lake huonekana kwa macho. Kosa la karatasi linaweza kukaa kimya miaka 20, hadi wazee walioshuhudia wafe.

Kuna watakaosema basi tumwachie fundi kazi yake, kwa kuwa anaifanya vizuri bila masomo. Ningekubali kama viwanja vyote vingekuwa mistatili. Lakini barabara hupinda, mto hula ukingo, ndugu hugawana urithi kwa mstari wa mti na kisima, na hapo kanuni ya 60, 80 na 100 haina la kusema, kwa sababu inajua pembe moja tu. Kiwanja cha pande tano kinahitaji milalo miwili, kisha hesabu ya pembetatu tatu, na anayejua pande tatu za pembetatu anaweza kupata eneo lake bila kugusa chombo cha kupimia pembe. Halafu kuna mteremko. Utepe wa mita 30 ukilazwa juu ya ardhi yenye mwinamo wa nyuzi 15 unafunika mita 28.98 tu za ramani, kwa kuwa ramani hupimwa kwa usawa. Mita nzima imeliwa na kilima, na hakuna mwizi wa kumkamata. Ukipima parseli mbili zinazopakana, moja kwa utepe uliolazwa na nyingine kwa utepe ulionyooshwa kwa timazi, utazaa ugomvi kati ya watu wawili wakweli.

Mkoa huu wenyewe wa Ituri ulishawahi kuwa kiwanja ambacho hakuna aliyejua pembe zake. Mkataba wa mwaka 1894 kati ya Uingereza na Mfalme Leopold uliweka mpaka wa mashariki juu ya longitudo ya 30, hadi pale inapokutana na mgongo wa nchi unaogawa maji ya Nile na ya Kongo. Ulikuwa mstari wa mezani. Hapakuwa na mtu Ituri aliyeweza kusimama na kusema unapita hapa. Bunia iko takriban robo ya digrii mashariki ya longitudo hiyo, yaani kama kilomita 28, hivyo kama longitudo ile ingefuatwa peke yake, Saio ingekuwa upande wa Waingereza. Boga, alikofika mwinjilisti Apolo Kivebulaya mwaka 1896 akitokea Toro, ilihesabiwa kwa miaka kadhaa kuwa ya Uganda, kisha ikawa ya Kongo. Tume ya mipaka ilifanya kazi mwaka 1907 na 1908, na mara baada yake wapimaji Waingereza na Wabelgiji wakaungana kupima tao la longitudo ya 30, wakikata nchi kwa pembetatu kutoka kilele hadi kilele. Uzuri wa kazi yao ni uchache wa vitu vilivyopimwa kwa utepe: mstari mmoja wa msingi bondeni unapimwa kwa uangalifu mkubwa, halafu zinasomwa pembe tu kwa teodoliti, na kila pembetatu inaipatia jirani yake upande mmoja wa kuanzia hesabu. Hivyo ndivyo mabonde yasiyopitika yalivyovukwa na sinusi. Mnyororo huo, sehemu ya mradi ambao mwanaastronomia David Gill aliuwazia akiwa Rasi ya Tumaini Jema, ulikamilika kutoka kusini mwa Afrika hadi Misri mwaka 1954, kipande cha mwisho kikipimwa Sudan. Mpaka ulihamishiwa kwenye mto Semliki na katikati ya Ziwa Albert kwa makubaliano ya 1910 na 1915. Ulihama kwa mazungumzo ya wakubwa. Lakini mazungumzo yasingekuwa na cha kushika kama pembetatu hazingeonyesha nini kiko wapi.

Siku hizi atatokea mtu na simu, aseme satelaiti zimemaliza mambo yote. Simu ya kawaida mahali pa wazi hukosea mita tatu hadi tano, na chini ya miti au kando ya kuta zaidi. Kwa kutafuta njia ya Kasenyi, hilo halina madhara. Kwa kiwanja chenye upana wa mita 20, mita tano ni robo ya upana. Vipo vipokezi vya wataalamu vinavyofika sentimita, lakini bei yake haifikiki kwa muuza mihogo anayenunua parseli ya kwanza maishani. Tena namba za satelaiti hazisemi lolote mpaka ujue zimehesabiwa juu ya umbo gani la dunia: ramani za zamani za Uganda, zilizojengwa juu ya tao lile lile, zinaachana na namba za simu kwa mamia ya mita. Utepe na ulalo havihitaji betri, na jirani anaweza kushika ncha ya pili na kuona kwa macho yake.

Pingamizi zito zaidi ni lingine, na silipuuzi. Vita vilivyowaka Djugu mwaka 1999 vilianza kwenye magomvi ya makonsesio, yaani mashamba makubwa yenye hati, na makumi ya maelfu ya watu wakafa kabla na baada ya Bunia kupiganiwa mwaka 2003. Waliotuhumiwa kupanua mashamba hawakukosa vipimo. Walikuwa na karatasi, na wakulima waliokaa juu ya ardhi ile hawakuwa na za kujibu. Sheria ya 1973 inasema ardhi ni mali ya Taifa, na anayejua mlango wa ofisi anamshinda anayejua kosinusi. Ni kweli. Pembetatu haisemi nani ana haki. Inachofanya ni kutenganisha maswali mawili ambayo watu wenye nguvu hunufaika yakichanganywa: hii ni ya nani, na hii ni kiasi gani. Mkulima anayeweza kuonyesha kwamba karatasi ya hekta 50 imefunika 70 bado anaweza kushindwa, lakini mwenye karatasi hawezi tena kusema wapimaji walikosea kidogo tu. Ndiyo maana naona ni kosa kumfungia mwanafunzi elimu hii ndani ya mtihani. Mwalimu mmoja, utepe mmoja na kamba moja vinatosha kulipeleka darasa zima nje ya uzio wa shule.

Linabaki jambo ambalo ulalo peke yake hauliwezi. Watu waliokimbia vijiji vya Djugu na Irumu wanarudi na kukuta vigingi vimeng'olewa, mti wa mpaka umechomwa mkaa, na jirani mwenye karatasi ya pande zile zile. Vipimo vitano vinalifunga umbo, ila umbo lililofungwa linaweza kukaa popote. Lazima angalau pembe mbili zishikamane na vitu visivyohama, daraja, msingi wa kanisa, jiwe kubwa, na umbali wa kila pembe hadi vitu hivyo uandikwe. Kwa parseli zilizouzwa kabla ya vita bila neno hilo, na mashahidi wake wakiwa wametawanyika kambini, nani atakubaliwa na pande zote mbili kusema kigingi cha kwanza kilisimama wapi, na nani atamlipa kuja kusema?