Kwa Nini Tovuti Huporomoka Ghafla

Mvua ya Tukuyu haina utani. Upepo wenye unyevu hupanda kutoka Ziwa Nyasa, hukutana na Mlima Rungwe, hupoa na kumwaga maji. Migomba na chai hushukuru. Dishi la setilaiti halishukuru. Mawimbi yanayotumiwa na madishi madogo yana urefu wa sentimita mbili na ushee tu, hivyo matone mazito huyameza na kuyatawanya. Kafe ya intaneti iliyotegemea dishi ilinyamaza mvua ikichachamaa.

Hata anga likiwa safi, setilaiti hizo ziko takriban kilomita 36,000 juu ya ikweta. Ombi lako lipande na kushuka, jibu nalo lipande na kushuka: kilomita 144,000. Kwa mwendo wa nuru, karibu nusu sekunde imeshaliwa, na ulilipia kwa saa. Enzi hizo za kafe watu walifungua Yahoo wasome barua pepe, na wenye subira wakaangalia picha za marafiki kwenye mtandao wa kijamii wa hi5.

Julai 2009 mkongo wa baharini wa SEACOM ulianza kazi Dar es Salaam, EASSy ukafuata mwaka 2010, na mkongo wa taifa ukasambaa bara hadi Kasumulu, mpakani mwa Malawi. Intaneti ikahamia kwenye simu. Kafe zikapungua; hi5 ikasahaulika.

Ila kasi peke yake haielezi kwa nini tovuti iliyopanda kwa miaka huporomoka kwa miezi. Hapo panahitaji hesabu. Chukua wanafunzi 30 waliomaliza shule pamoja, wote wako mtandao mmoja. Jozi zinazoweza kuzungumza ni 435. Wakihama 15, hazibaki nusu: zinabaki 105, chini ya robo. Anayebaki anakuta kumepoa, naye anaondoka. Ndivyo ilivyotokea kwa mtandao wa kijamii wa MySpace. News Corp iliinunua kampuni mama yake mwaka 2005 kwa dola milioni 580. Mwaka 2011 MySpace iliuzwa kwa takriban milioni 35. Mitambo ilikuwa bado inafanya kazi. Watu ndio walikuwa mali, na watu wana miguu.

Jukwaa la mijadala la JamiiForums, lililoanza mwaka 2006, lina hesabu tofauti. Msomaji hahitaji rafiki yake awemo. Anafuata mada, mara nyingi akiwa na jina la bandia. Akiondoka mmoja, hasara ni ya mmoja. Liliposimama kwa muda Juni 2018, sababu ilikuwa kanuni mpya za maudhui ya mtandaoni zilizodai leseni na ada. Wasomaji hawakuwa wamelichoka.

Na Yahoo? Vibao vingi vya maduka na shule nchini bado vina anwani zake. Barua pepe haimilikiwi na kampuni moja: wa Yahoo humwandikia wa Gmail bila kuhama, kwa hiyo Yahoo inakonda taratibu, haianguki. Mtu wa hi5 hakuweza kumwandikia wa Facebook.

WhatsApp, iliyonunuliwa na Facebook mwaka 2014 kwa dola bilioni 19, kwa hesabu hii iko upande wa hi5, hata kama leo kila kikoba na kila kamati ya harusi imo humo. Umoja wa Ulaya umetunga sheria inayoilazimisha kupokea ujumbe kutoka programu nyingine. Sheria hiyo haifiki Tukuyu.