Kuchomoa Plagi Si Kinga

Ikiwa nyumbani mwako ingalipo televisheni ya zamani, ile yenye kisogo kirefu, itunze kwa hadhari. Picha ikipanda na kushuka, zungusha polepole kitufe cha kuituliza. Madoa ya rangi yakitokea pembeni, sogeza mbali spika ya redio, kwani sumaku yake huipotosha miale inayochora picha.

Lakini kifuniko cha nyuma usikifungue. Tyubu ya picha za rangi hutumia volti zipatazo 25,000, nayo huweza kuhifadhi umeme hata baada ya plagi kuchomolewa. Kazi ya ndani mwachie fundi ajuaye kuuondoa umeme huo kwanza. Watoto nao waonywe mapema. Televisheni ina vipuri, maisha hayana.