Kipanya na Tundu Lililovunjika

Nataka kuwaeleza jinsi nilivyoiharibu kompyuta ya shule, na jinsi ilivyopata kutumika tena. Huenda habari hii ikawafaa wenzangu hapa Hanang na kule kwetu Mbulu, ikiwa nao wanatumia kompyuta za zamani.

Kipanya chetu kilikuwa cha namna iliyoanza mwaka 1987. Kichwa cha waya wake ni cha mviringo, nacho kina pini sita nyembamba na kipande cha plastiki kinachoonyesha upande wa kuingilia. Jioni moja nilikichomeka bila kutazama. Kilipokataa kuingia, nikakisukuma kwa nguvu. Pini moja ikakatika, ikabaki ndani ya tundu. Na mitihani ya majaribio ya Kidato cha Nne ilikuwa ndani ya kompyuta hiyo, ikingoja kupigwa chapa!

Nilikwenda kwa mwalimu nikaungama. Hakunigombeza, ila aliniambia, "Kijana, mlango mmoja ukivunjika, nyumba haijaanguka. Kibodi bado ni nzima." Akabonyeza kwa pamoja Alt na Shift za kushoto na Num Lock, kisha Enter. Tangu hapo tarakimu za upande wa kulia wa kibodi zikawa ndizo kipanya: 4 kwenda kushoto, 6 kulia, 8 kupanda, 2 kushuka, na 5 kubofya. Kazi ilikwenda polepole, lakini mitihani ilipigwa chapa usiku uleule.

Jumamosi nilitumwa Katesh kununua kipanya. Mimi nilitaka na kile kiunganishi cha kijani kinachobadili kichwa cha waya. Mwenye duka akaniuliza, "Tundu lenyewe ni zima?"

"La, mzee, limevunjika."

"Basi hakitakusaidia, kwa kuwa kitaingia katika tundu lilelile bovu. Chukua kipanya cha USB."

Tundu la USB ni bapa. Namna hiyo ilitolewa mwaka 1996, na kompyuta yetu inayo matundu mawili ya jinsi hiyo kwa nyuma. Nilikichomeka taratibu, nikangoja kidogo, na mshale ukaanza kutembea kiooni.

Mambo matatu nimejifunza. Kwanza, zima kompyuta kabla ya kuchomeka kitu katika tundu la mviringo, kwani ikiwa inawaka huenda isikitambue kipanya, au ubao wake wa ndani ukaungua. Tundu la USB halina sharti hilo. Pili, usichokonoe pini iliyokatika kwa sindano. Tatu, kitu kikikataa kuingia, kitoe ukitazame; usishindane nacho.

Bei ya kipanya nililipa kutoka fedha zangu za matumizi, wala sikunung'unika. Somo lile lilikuwa na thamani kuliko kipanya chenyewe.

Mwanafunzi, Kidato cha Tatu