Gia Moja Yatosha, Breki Mbili ni Lazima

Ndugu mfanyakazi, kwa mtu wa Busia, Malaba au Tororo baiskeli si kitu cha michezo. Ni chombo cha kazi kama jembe au cherehani. Anayetoka Lunyo kwenda mjini Busia na mzigo wa samaki, kibarua wa zamu ya alfajiri katika saruji ya Tororo, fundi mwashi na sanduku lake la vifaa, wote hao hupanga siku yao kwa kutegemea magurudumu mawili. Baiskeli ikilala, mshahara nao umelala.

Isitoshe, mpaka huu una jina katika historia ya baiskeli. Hapa ndipo palipozaliwa boda boda. Tangu miaka ya 1960 vijana waliwabeba wasafiri kati ya lango la forodha la Kenya na lile la Uganda, kwa maana malango hayo yalikuwa mbali na si kila gari liliruhusiwa kuvuka. Jina lenyewe limetokana na neno la Kiingereza lenye maana ya mpaka. Vijana wale hawakuagiza chombo kipya kiwandani. Walichukua ile baiskeli nyeusi nzito ya kawaida, wakashona mto juu ya karia, wakaongeza vyuma vya kukanyagia abiria, wakaimarisha foku kwa kuchomelea. Basi kubadili baiskeli kwa fedha kidogo ni elimu ya wenyeji wa hapa.

Leo pikipiki imechukua abiria wengi, na tangu mwaka 2018 Busia ina kituo kimoja cha pamoja cha ukaguzi mpakani. Hata hivyo baiskeli haijaondoka barabarani. Lakini sasa fundi huletewa pia baiskeli ya aina nyingine: ile ya mbio, ya mitumba, yenye fremu nyepesi, usukani uliopinda kama pembe za kondoo na gia kumi. Bei yake huwa nafuu kwa sababu mitambo ya gia imekufa na vipuri vyake ni vya shida. Mwenye kipato kidogo hujiuliza: je, naweza kuitoa hiyo mitambo yote nikabaki na gia moja? Jibu ni ndiyo. Lakini kuna njia mbili za kufanya hivyo, na kati ya njia hizo kuna suala la uhai wa mtu.

KABLA YA KUTOA FEDHA

Kwanza tazama mwanya ambamo ekseli ya nyuma hukaa. Ukiwa umelala, yaani gurudumu linaweza kuvutwa nyuma na mbele, utaweza kukaza cheni bila kifaa kingine. Ukiwa umesimama wima, iache baiskeli hiyo, kwa kuwa cheni italegea na huna pa kuivutia.

Pili soma namba ubavuni mwa tairi. Hapa wengi hupoteza fedha. Baiskeli nyeusi ya kawaida hutumia tairi ya 28 kwa 1½, ambayo kipimo chake cha rimu ni milimita 635. Baiskeli nyingi za mbio za zamani ni za 27, yaani milimita 630. Nyingine ni 700C, milimita 622, na hizi nazo wakati mwingine huandikwa 28. Tofauti ni ndogo kwa macho, lakini tairi ya moja haikai kwenye rimu ya nyingine. Uliza dukani kama tairi ya namba hiyo inapatikana kabla hujanunua baiskeli yenyewe.

KAZI YENYEWE

Ondoa vibadilishi vya gia, mbele na nyuma, pamoja na waya zake. Kisha fungua friwili, lile fungu la magurudumu ya meno linalolia unapoacha kukanyaga. Linahitaji kifunguo chake maalumu. Kibane kifunguo kwenye jiliwa, pachika gurudumu juu yake, halafu zungusha rimu kinyume cha saa kama unayefungua kifuniko cha mtungi. Miguu ya mtu huwa imeikaza friwili kwa miaka mingi, kwa hiyo tia mafuta na uwe na subira.

Mahali pake funga friwili ya meno 18 ya baiskeli ya kawaida. Friwili nyingi za Kiingereza, za Kihindi na za Kichina hutumia hesi ya aina moja, ila baadhi ya habu za zamani za Kifaransa na za Kiitalia zina hesi yake. Ijaribu kwa mkono kwanza, ikikataa, usiilazimishe. Hamisha washa za ekseli ili cheni iende moja kwa moja, kisha fundi akaze na kulegeza spoki mpaka rimu irudi katikati ya fremu. Cheni ikienda upande, itakula meno na kuruka siku ya mzigo.

Mbele bakiza gia moja. Baiskeli nyingi za gia kumi zina meno 52 na 42, chagua 42. Kwa 42 mbele na 18 nyuma, kila mzunguko mmoja wa pedali hukusogeza kama mita 4.9. Ukizungusha mara 60 kwa dakika, unakwenda kilomita 17 na nusu kwa saa. Ni mwendo wa kutosha kufika kazini, na mlima utaupanda bila kuumiza magoti.

Vya kununua ni friwili na cheni, basi. Vilivyobaki ni vile vile vilivyokuja na baiskeli.

NJIA YA PILI NA HATARI YAKE

Wapo wanaotaka kupunguza hata friwili, na badala yake wafunge gurudumu la meno lisilo na uhuru: gurudumu likizunguka, pedali zinazunguka; ukizuia pedali, gurudumu linapungua mwendo. Si jambo geni. Baiskeli ya Rover aliyoitengeneza Starley huko Uingereza mwaka 1885 ilikuwa hivyo, na matarishi wa baiskeli katika mji wa New York waliipenda aina hiyo kwa sababu ina vipuri vichache vya kuharibika. Hakika vumbi na matope yetu huua friwili haraka, na gia iliyofungwa haina cha kuingia vumbi.

Lakini sikiliza vizuri. Habu iliyotengenezwa kwa gia ya namna hiyo ina hesi mbili: moja ya kulia ya gurudumu la meno, na nyingine ya kushoto ya pete inayolizuia lisifunguke. Habu ya kawaida ina hesi moja tu. Unapokanyaga mbele, gurudumu la meno linakazika. Unapozuia kwa miguu, unalifungua. Likifunguka ukiwa kwenye mteremko, miguu haina tena kazi. Mafundi wengine huchomelea friwili kwa umeme ili isizunguke. Hiyo haikuondoi katika hatari, maana friwili nzima bado inaweza kufunguka kutoka kwenye habu, na moto umekwisha kudhoofisha chuma chake.

Kwa hiyo anayechagua njia hii na asitoe breki hata moja. Wapo vijana wanaotoa breki ili baiskeli iwe nyepesi, wakitegemea miguu. Huo si ufundi. Afunge pia suruali kwa kamba, kwa maana cheni isiyosimama haiachi kitambaa, wala kidole cha anayeisafisha. Na kwa anayebeba abiria au gunia, tunasema wazi: gia iliyofungwa haifai. Kwenye kona pedali haiwezi kusimama juu, inagusa chini, na mzigo unawaangusha wote wawili.

SHAURI LA CHAMA

Kuna jambo la mwisho. Wengi wanaoendesha baiskeli za kazi huzikodi kwa siku. Mwenye baiskeli hupata fedha yake jioni, na anayeendesha ndiye huambiwa avumilie breki mbovu. Mpira wa breki ni kipuri cha bei ndogo, na mfupa uliovunjika ni miezi bila kipato. Kwa hiyo katika makubaliano ya kukodi, breki ziwe juu ya mwenye mali, na ziangaliwe asubuhi kabla ya safari ya kwanza.

Mtu mmoja akidai hivyo ataambiwa aiache baiskeli, achukue mwingine. Wakidai wote wa kituo kimoja, hakuna mwingine wa kuchukua. Nchini Uganda chama cha ATGWU kimekwisha kuwafungulia mlango waendeshaji wa boda boda. Waendeshaji wa baiskeli nao waanze hapo kituoni: wachange fedha za kununua kifunguo cha friwili na jiliwa moja vya kutumiwa na wote. Kifaa ambacho mtu mmoja hawezi kukinunua, watu ishirini hawataona uzito wake.