Wanaokwenda kuhesabiwa hawalali

Ikifika wiki ya tatu ya Desemba, kituo cha mabasi cha Magufuli pale Mbezi, Dar es Salaam, hufurika usiku na mchana. Kuna magunia ya mchele, mabegi yaliyofungwa kamba, na watoto waliovalishwa masweta katikati ya joto la Dar kwa sababu bibi kule Rombo kapiga simu kusema kuna baridi. Watani wanasema Wachaga wanarudi Kilimanjaro kuhesabiwa, na asiyeonekana Krismasi ataulizwa mpaka Pasaka. Ni utani, lakini una neno ndani yake. Anayekwenda kuhesabiwa hayuko likizo. Anakwenda kukaguliwa.

Na anafika kwenye ukaguzi huo akiwa tayari amechoka. Kwa mwenye duka Kariakoo, Desemba ni mwezi wa mavuno: anafunga usiku, anapanga mzigo, anahangaikia tiketi, na alfajiri yuko dukani tena. Mwaka 2015 vyama viwili vya wataalamu wa usingizi vya Marekani vilipendekeza mtu mzima alale angalau saa saba kila usiku. Aliyelala saa tano kwa siku sita mfululizo anapanda basi akiwa na deni la saa kumi na mbili, na deni hilo halilipiki kwa kusinzia kitini huku kichwa kikigonga kioo kwenye kila tuta.

Abiria ana nafuu, maana anaendeshwa. Wa kuhurumiwa, na wa kuogopwa pia, ni yule anayeshika usukani wa gari la familia baada ya kutoka kazini, akajisemea kwamba usiku barabara ni nyeupe. Kutoka Dar hadi Moshi ni zaidi ya kilomita 500, na kipande cha kutoka Mombo kwenda Same kimenyooka kiasi cha kumbembeleza hata aliyelala vizuri. Mwaka 1997 watafiti wawili nchini Australia, Drew Dawson na Kathryn Reid, walionyesha kwamba mtu aliyekesha saa 17 hupungukiwa na wepesi wa akili na mikono kama mwenye asilimia 0.05 ya pombe katika damu, kiwango ambacho nchi nyingi haziruhusu mtu kuendesha nacho. Aliyeamka saa kumi na mbili asubuhi anafika hapo saa tano usiku, bila kuonja hata kijiko cha mbege, ile pombe ya ndizi.

Mbege yenyewe inamsubiri huko juu.

Cha ajabu ni kwamba miteremko ya Kilimanjaro ni mahali pazuri mno pa kulala. Mwili hauingii usingizini vizuri mpaka joto lake la ndani lishuke kidogo, na ndiyo maana Desemba ya Dar, yenye usiku wa jasho na feni inayozungusha hewa ya moto, huwakatisha watu usingizi. Migombani kuna ubaridi, giza la kweli na ukimya. Ila ubaridi huo huo ndio unaowakusanya ndugu motoni. Ndafu, yule mbuzi mzima wa kuchoma, imekatwa, hadithi za marehemu babu zimeanza, na anayeaga saa tatu anaonekana ana maringo ya mjini. Pombe humlaza mtu haraka, kisha ikishaanza kuyeyushwa mwilini humwamsha mara kwa mara katika nusu ya pili ya usiku. Asubuhi anajitibu kwa kahawa, na mchana kahawa tena, kwani iko shambani. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 na Christopher Drake na wenzake uliona kwamba kafeini nyingi, miligramu 400, ikinywewa saa sita kabla ya kulala, bado hupunguza usingizi kwa zaidi ya saa moja.

Mkamwana hana hata anasa ya kulaumu pombe. Yeye ndiye wa mwisho kuondoka jikoni na wa kwanza kurudi, kwa kuwa mtori haujipiki. Makala nyingi za afya humshauri mtu kama yeye aoge maji ya moto na kusikiliza muziki laini. Zingemfaa zaidi kama zingewashauri mashemeji zake waoshe sufuria.

Kisha kuna maswali. Umeoa? Umejenga? Na kile kikao cha ukoo kuhusu mpaka wa kihamba, shamba la urithi, ambacho lazima kiwekwe tarehe 26 au 27 kwa kuwa ndipo wote wapo. Nyuma ya hayo inanyemelea Januari na ada, sare na kodi ya nyumba. Hesabu hizi hazipigwi mchana. Hupigwa gizani, macho yakitazama dari. Hapo kuna dawa ndogo ya bei ya kalamu: mwaka 2018 Michael Scullin wa Chuo Kikuu cha Baylor, Marekani, aliwapa vijana 57 dakika tano kabla ya kulala. Nusu waliandika mambo waliyotakiwa kuyafanya siku zijazo, nusu waliandika waliyokwisha kuyamaliza. Walioandika ya mbele walipata usingizi mapema kwa takriban dakika tisa. Ada haipungui kwa kuandikwa, ila kichwa huacha kuishikilia.

Jambo jingine ni saa ya kuamka. Till Roenneberg wa Munich na wenzake waliwachunguza watu ambao saa zao za kulala siku za mapumziko zinapishana mno na za siku za kazi, na mwaka 2006 wakaifananisha hali hiyo na uchovu wa kuvuka kanda za saa kwa ndege. Anayeamka saa nne kwa siku kumi likizoni anarudi kazini mwili ukiwa bado ng'ambo.

Katika boma lile lile yupo mtu mmoja ambaye saa zake ni zile zile za Agosti. Jogoo wa kwanza akiwika, bibi yuko nje anamkatia ng'ombe majani, wakati wageni wake wa Dar wamejifunika mablanketi hadi usoni. Jioni anakula, anasikiliza hadithi moja, anacheka. Saa tatu, wengine wanapoongeza kuni motoni, yeye keshaaga, na hakuna anayethubutu kumwambia ana maringo.