Kompyuta ya zamani: tuitengeneze ao tununue ingine?

Katika nyumba za kuchapa na fotokopi hapa Swima, kompyuta kubwa za ku meza hazikosekani. Nyingi zilifika zikiwa zimetumika kwingine. Leo mwenye nayo anaiwasha, anangoja, mteja naye anachoka na kwenda zake. Ndipo swali linatokea: niongeze pesa ku hii, ao nitafute mpya?

Ndugu msikilizaji, mbele ya kutoa dola, kopia kwanza kazi zako zote ku kle. Kisha mwambie fundi afungue sanduku mukiwa wote, muangalie mambo manne.

Kwanza, ugonjwa wenyewe. Kama tarehe na saa vinarudi nyuma kila unapoizima, mara nyingi ni kapile kadogo ka duara, CR2032, ndiko kamekwisha. Hako kanabadilishwa tu. Lakini kama ile sahani kubwa inayobeba vyote, karti-mere, imeungua, usiweke pesa humo.

Pili, uzito. Mashini nyingi zinachelewa juu ya diski ya zamani yenye kuzunguka. Ukiweka SSD, ambayo haina kitu kinachozunguka ndani, na ukitoa RAM ku giga 4 kufika giga 8, utaona tofauti kubwa. Angalia tu: RAM ya DDR3 haiingii mahali pa DDR4. Ukituma mtu Uvira ao Bujumbura, mupe ile ya zamani aende nayo kama mfano.

Tatu, programu. Microsoft ilisimamisha msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14/10/2025. Mashini inaendelea kuwaka, ila bila yale marekebisho ya bure ya kuziba matundu ya virusi na wezi wa intaneti. Windows 11 nayo inaomba RAM ya giga 4, nafasi ya giga 64 na kifaa cha usalama kinachoitwa TPM 2.0, kwa Intel, ni karibu kizazi cha 8 na kuendelea. Kama yako haifike pale, kuko Linux Mint, ni ya bure. Unaweza kuijaribu ku kle bila kufuta kitu. LibreOffice inafungua kazi za Word, ingawa mistari inaweza kusogea kidogo. Mwenye kuchapia watu ajaribu hilo na printa yake mbele ya kuhama.

Ine, moto. Wengi wetu tunatumia pano ya jua ao groupe. Tuseme kompyuta ya meza na ekra yake vinakula wati 120. Kwa saa 5, ni wati-saa 600. Pano ya wati 100, ikipata jua nzuri saa 5, haipite 500. Ya kubeba, yenye kula wati 40, itaomba 200 tu. Kwa hiyo mashini ya bei nafuu inaweza kukumalizia faida ku mafuta.

Sasa jumlisha: bei ya vipande, mkono wa fundi, na nauli. Kama jumla inapita nusu ya bei ya ingine iliyo nzima, bora kungoja na kukusanya. Kama iko chini, na karti-mere ni nzima, anza na SSD: hata hii mashini ikikufa kesho, utaichomoa na kuiweka ku ingine.

Na kujenga mpya kipande kwa kipande? Inawezekana, lakini kila kipande kinapaswa kukubaliana na kingine, na kimoja kikikosea ni safari ya kurudi Uvira. Kwa wengi, njia nyepesi ni kununua sanduku lililotumika lakini nzima, ukibakisha ekra, klavye na suri zako. Uliwashe pale pale mbele ya muuzaji, uliache liwake saa moja, ndipo ulipe.