Mafuta ya Samaki Hayasafishi Damu

Chembe sahani, zinazoanzisha kuganda kwa damu mshipa unapokatika, hubeba katika utando wake asidi ya mafuta iitwayo arakidoniki. Chembe ikigusa jeraha, kalsiamu huongezeka ndani yake, na kimeng'enya cha fosfolipasi A2 huichomoa asidi hiyo. Kimeng'enya cha pili, COX-1, huipokea na kuibadilisha, na mwisho hupatikana tromboksani A2, kemikali inayotoka nje na kuzichochea chembe jirani zije kushikamana.

Mafuta ya samaki huingia hapo. Asidi yake ya EPA hukaa katika utando uleule, hugombea COX-1 hiyohiyo, na tromboksani inayozaliwa nayo, A3, ni dhaifu. Katika miaka ya 1970 watafiti wa Denmark, Bang na Dyerberg, waliwakuta Wainuiti wa Greenland, walaji wakubwa wa samaki na sili, damu yao ikichelewa kukatika wanapojeruhiwa.

Kutokana na ukweli huo mdogo imejengwa imani kubwa: kwamba vidonge vya mafuta ya samaki husafisha damu, huyeyusha mabonge na hutosha badala ya aspirini. Yote matatu si kweli. Chembe sahani si uchafu. Bila hizo mtu anaweza kuvuja damu hadi kufa. Bonge lililokwisha kuganda huvunjwa na plasmini, kimeng'enya kingine kabisa, wala EPA haifanyi kazi hiyo. Aspirini nayo huizima COX-1 moja kwa moja, na chembe sahani, kwa kuwa haina kiini, haiwezi kuunda COX-1 nyingine katika siku zake 7 hadi 10 za uhai. EPA hugombea tu, tena penye arakidoniki tele. Jaribio la ASCEND la Uingereza, lililotangazwa 2018, liliwahusisha wagonjwa wa kisukari zaidi ya 15,000 kwa miaka 7 hivi: gramu 1 ya omega-3, kundi la asidi lenye EPA, kwa siku haikuwakinga zaidi na mshtuko wa moyo wala kiharusi kuliko mafuta ya zeituni.

Basi mwenye afya ale samaki mara mbili kwa wiki; dagaa na vibua vinatosha. Aliyeandikiwa aspirini asiiache. Anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, amwulize daktari kabla ya kumeza kidonge chochote cha mafuta. Dozi ya gramu 4 za omega-3 kwa siku, kwa wenye trigliseridi (mafuta ya damuni) nyingi, ni ya kuandikiwa na daktari, maana huweza kuvuruga mapigo ya moyo. Uso ukipinda, mkono ukilegea au maneno yakikwama, hizo ni dalili za kiharusi: ni hospitali saa hiyohiyo.